Sikio baada ya mripuko: kipimo kisije kikakudanganya

Askari aliyepata mshindo wa bunduki au bomu mara nyingi hasemi "sisikii". Husema masikio yanavuma, au watu siku hizi wanamung'unya maneno. Redioni kaambiwa "sita", yeye kashika "pita". Mlio wa bunduki ya vita humfikia mpigaji kwa zaidi ya desibeli 150, na huanza kuua seli za sauti nyembamba, zile za s, f na sh. Irabu hubaki. Ndiyo maana kumwita kwa nyuma akageuka si kipimo hata kidogo.

Muulize: ilikuwa uwanjani au ndani ya chumba, ambako kuta huurudisha mlio? Bunduki anaiweka bega gani? Wa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo linaloelekea mtutu. La kulia limekingwa na kichwa.

Kisha mulika ndani. Ukishuku ngoma ya sikio imepasuka, usisafishe nta kwa bomba la maji. Tundu dogo kwa kawaida hujiziba lenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu, maadamu halikuingia maji wala mafuta ya nazi yaliyochemshwa na thomu. Kupiga mbizi basi kwanza. Akioga, aweke pamba iliyopakwa vaselini. Kupangusa sikio kwa udhu hakuna neno.

Mashine ya kupima usikivu ndipo penye makosa mengi. Kipimo cha kuweka kwenye faili kinataka sikio lililopumzika saa 16 angalau. Aliyetoka Pemba kwa boti, kakaa jirani na injini, akashuka bandari ya Malindi, Unguja, na kupimwa papo hapo, anapimwa na uchovu wa injini. Lakini asingoje kupumzika ndipo amuone daktari: usikivu ulioshuka ghafla, au kizunguzungu, ni wa siku hiyohiyo, kwani dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe), daktari akiona inafaa, hutakiwa mapema.

Zima feni. Feni na jenereta hufunika sauti nzito, ukaona hasara ya uongo kwenye hezi 250 na 500 (hezi ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba). Usiruke hezi 3000 na 6000 kwa haraka ya foleni. Alama unayoitafuta ni shimo kwenye mchoro wa mlio mdogo kabisa anaousikia: tuseme desibeli 10 hadi hezi 2000, ghafla 45 kwenye 4000, kisha 20 kwenye 8000. Pima na kwa mfupa, yaani mlio upitie mfupa wa nyuma ya sikio badala ya hewa ya tundu la sikio. Mfupa ukiwa mzuri na hewa mbaya, tatizo liko kwenye ngoma au vijifupa vilivyo nyuma yake. Vyote vikishuka pamoja, ni sikio la ndani. Rudia baada ya wiki chache, maana sehemu ya hasara hurudi.

Karatasi ikionesha desibeli 80 na huku anakujibu ukisema naye kwa sauti ya chini, usimwite muongo. Mueleze upya abonyeze hata mlio ukiwa hafifu, urudie, halafu umpeleke kwenye kipimo kisichohitaji jibu lake. Na karatasi ikiwa safi lakini sokoni hashiki maneno, mpime maneno ndani ya kelele.