Pango moja, madaftari matatu

SWALI: Mzee, salamu. Mimi na wenzangu tunapeleka wageni Mlima Suswa, na siku hizi tukimaliza kreta tunaingia mapangoni. Kila mmoja ana daftari lake na majina yake. Juzi tumegundua mapango matatu tuliyoyaandika ni pango moja! Tuandikeje? Na simu ikituonyesha tulipo, tepu na dira za nini tena?
Mwongozaji, Narok

JIBU: Kijana wangu, kwa Suswa hilo halinishangazi. Mapango yale ni mahandaki ya lava, ule uji wa moto wa volkano: ya juu ilipoa ikawa ganda, ya chini ikaendelea kutiririka mpaka ikaisha, pakabaki uwazi. Paa nalo huporomoka hapa na pale, na kila tundu likawa mlango. Basi mlango na pango viandikeni mbalimbali. Wapimaji wa miaka ya 1960 waliyapa mapango namba na milango herufi. Pango la 14 likiwa na milango miwili, ni 14A na 14B. Fuateni namba hizo hizo, msirundike zenu juu yake. Wamaasai wa pale wakiwa na jina lao, liandikeni kando ya namba. Jina alilobuni mgeni aliyeingia mara moja akapiga picha, mimi silitaki daftarini.

Simu ni ya mlangoni. Ndani mwamba huzuia mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo ni tepu, dira na kipimo cha mteremko, kutoka kituo kimoja cha kupimia hadi kingine. Ila lava mara nyingi ina madini ya sumaku, nayo huipotosha dira. Soma ukimwelekea mwenzako, naye asome akikuelekea wewe. Namba hizo mbili zisipopishana kwa digrii 180, sogeeni mbali na ukuta mrudie, na tochi ya kichwani msiisogeze karibu na dira. Tumieni penseli, na muandike mle mle ndani, hata kama wageni wananung'unika kwamba njaa inauma.

Kinachorukwa na wengi ni mlipoishia, na sababu yake. Neno «mwisho» peke yake ni uvivu. Mlikuta ukuta? Shimo linalotaka kamba? Betri ziliisha? Kama ni kifusi, je, kuna upepo unaopenya kati ya mawe? Kifusi kinachopitisha upepo huenda kina njia nyuma yake, na atakayekuja baada yenu ataanzia hapo.

Tarehe na majina ya walioingia msiache, hasa penye popo. Wagonjwa wawili wa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, wa 1980 na wa 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, kabla ya kuugua. Ugonjwa huo huweza kukaa hadi siku 21 kabla ya dalili kujitokeza, na daktari akiuliza mgeni wenu alipita wapi, ukurasa huo ndio utakaomjibu.

Daftari liwe moja, na nakala yake ikae nyumbani kwa mmoja wenu. Ile mtakayowapa wageni, ondoeni vipimo vya GPS vya milango wanamolala popo.