Maswali na Majibu: Mazoezi kwa Vijana Wenye Sindromu ya Down

Swali: Binti yangu ana miaka 14 na ana sindromu ya Down. Kundi la mazoezi la vijana limekubali kumpokea, ila jirani ananiambia watoto hawa huteguka shingo kirahisi, nisithubutu kumpeleka bila picha ya eksirei. Nishike lipi? – Mama mwenye wasiwasi

Jibu: Jirani hajakosea kabisa, mama, ila amekuza mambo. Kano za vijana hawa zimelegea, na pingili mbili za juu kabisa za shingo zinaweza kucheza kuliko kawaida. Eksirei huonyesha hali hiyo kwa mtu mmoja hadi wawili kati ya 10. Wanaofikia kupata dalili za uti wa mgongo kubanwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Tena picha nzuri ya leo si dhamana ya mwakani, na picha yenye kasoro haimaanishi kwamba lazima atadhurika. Ndiyo maana madaktari wengi siku hizi hutazama dalili kwanza: shingo kuuma, kichwa kuinamia upande mmoja, mwendo kubadilika akaanza kujikwaa au kuburuta mguu, mkojo kumtoka ilhali alishaacha zamani. Mwangalie pia vidole. Kijana aliyekuwa akifunga vifungo vyake mwenyewe, kisha vikaanza kumshinda, huenda mikono inapoteza nguvu. Ukiona hata moja kati ya hizo, mazoezi yasimame na aonwe na daktari bila kuchelewa.

Kama hana dalili yoyote, daktari amchunguze, kisha aende. Mwambie kocha mapema kwamba kwake hakuna kupiga vichwangomba, kupiga mbizi kwa kichwa, kupiga mpira kwa kichwa, kuruka kwenye trampolini wala kubeba chuma nyuma ya shingo. Kutembea, kucheza dansi, kuogelea bila kupiga mbizi na kuendesha baiskeli, hewala.

Kuna mawili ambayo jirani hakuyataja. Karibu nusu ya watu wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Hata kama ilizibwa utotoni, pata kauli ya daktari wa moyo kabla ya siku ya kwanza. Na tezi dundumio (thyroid, iliyo mbele ya shingo) ipimwe kila mwaka, kwa sababu ikizembea kijana huchoka na kunenepa, halafu kundini anaitwa mvivu.

Swali: Nafundisha vijana hawa ukumbini. Nimewavalisha saa za kupima mapigo ya moyo, nimepiga hesabu ya 220 kutoa umri ili kupata kilele cha mapigo, na lengo langu ni asilimia 70 ya kilele hicho. Kijana wa miaka 20 hafiki hata siku moja. Akikaribia tu, anakaa chini. Ni ukaidi? – Kocha wa kujitolea

Jibu: Hapana, ndugu kocha. Kaidi ni hiyo hesabu. Kwa watu wenye sindromu ya Down, moyo haupandi kasi wakati wa kazi ngumu kama ulivyo wa wenzao, na kilele chake kiko chini kwa mapigo 30 hivi. Watafiti hutumia hesabu nyingine: 179 kutoa zao la umri na 0.56. Kwa kijana wako inakuja karibu 168, wala si 200. Lengo lako la 140 ni asilimia 83 ya uwezo wake, kwa hiyo unamkimbiza mbio za mashindano huku ukidhani anatembea haraka. Asilimia 70 yake ni kama 118.

Hata hesabu hiyo ni makadirio, kwani miili hutofautiana. Tumia jaribio la kuongea: anayefanya kazi ya wastani huweza kusema sentensi fupi lakini hawezi kuimba. Hapa kuna mtego. Lazima ujue kwanza anaongeaje akiwa ametulia, maana wapo wanaosema neno mojamoja hata kitandani. Kwa hao, sikiliza pumzi na utazame uso. Anza na dakika 2 za kazi na 1 ya kupumzika, raundi 5, kisha ongeza dakika ya kazi taratibu. Simamisha mara moja ukiona kizunguzungu, au midomo, fizi au kucha zikibadilika kuwa za samawati. Pumzi ambayo haijatulia baada ya dakika kadhaa za kupumzika nayo ni sababu ya kusimama.

Uliza nyumbani pia alilalaje. Wengi wao hukoroma na kukatika pumzi usingizini, na aliyelala vibaya hakimbiziki.

Swali: Tunaandaa mazoezi ya nguvu. Chumba tunacho, vyuma vidogo na mipira ya kuvuta ipo, wanafunzi wa kujitolea wapo. Tupangeje? – Kamati ya vijana

Jibu: Mtu mmoja kwa kijana mmoja, na asibadilishwe ovyo. Hilo ni muhimu kuliko vyuma. Huko Melbourne, Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe waliwapanga vijana hivyo, kila mmoja na mwanafunzi wa fiziotherapia, mara mbili kwa wiki kwa wiki 10. Nguvu za mikono na miguu ziliongezeka.

Mazoezi 6 yanatosha: kuinuka kitini na kuketi, kupanda na kushuka kidato kimoja, kunyanyua visigino, kusukuma ukuta, kuvuta mpira kifuani, kubeba mzigo mkononi na kutembea nao. Wiki mbili za kwanza ni za kujifunza mwendo tu, na uzito uwe mwepesi. Programu nyingi huharibikia hapa, kwa sababu msaidizi ana hamu ya kuona chuma kikubwa.

Baada ya hapo chagua uzito anaoweza kuunyanyua mara 12, zile mbili za mwisho zikiwa ngumu kweli. Fanyeni seti 2, baadaye 3, mkipumzika dakika 2 katikati. Akimaliza seti zote 3 vizuri kwa siku mbili mfululizo, ongezeni hatua ndogo kabisa iliyopo.

Angalieni magoti na viwiko. Viungo vilivyolegea hupitiliza kunyooka, mzigo ukaegemea kano badala ya misuli. Mwambieni asimame "goti laini", yaani limekunjwa kidogo, na mwonyesheni kwa mkono wenu. Anayezuia pumzi ahesabu kwa sauti, hapo pumzi haizuiliki. Vidole vyao ni vifupi na kiganja ni kipana, hivyo mpini mnene huteleza. Tafuteni mwembamba.

Maelezo marefu hayasaidii. Wengi hushika kwa macho kuliko kwa masikio, na usikivu hafifu ni jambo la kawaida kwao. Onyesheni, semeni jambo moja, kisha hesabuni kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia. Ukirudia upesi kwa maneno mengine umempa kazi mpya kabla hajamaliza ya kwanza. Bandikeni picha za mazoezi ukutani kwa mpangilio, na kila likiisha ageuze picha yake mwenyewe. Msiulize "Unaumwa?" maana wengine hujibu ndiyo kwa kila kitu. Semeni "Nionyeshe panapouma", na kijana anayechechemea asisubiriwe aseme.

Swali: Mdogo wangu wa miaka 18 alienda wiki tatu kwa furaha. Sasa anakaa chini mlangoni na hainuki. Tumvute? – Kaka

Jibu: Msimvute mkono, bega lake linaweza kuchomoka. Kaeni naye chini, mngoje, mtafute kilichobadilika: msaidizi mpya, muziki uliopandishwa sauti, zoezi lililoruka zamu. Vueni viatu mtazame nyayo. Wengi wana miguu bapa, na kiatu laini kisichoshika kisigino huumiza baada ya dakika chache. Mpeni chaguo la mambo mawili, yote ya ndani ya ukumbi: "Tuanze na mpira au na kidato?" Msaidizi akiondoka, yule mpya ahudhurie siku mbili pamoja naye kwanza. Ikiwa amegoma na vitu vingine alivyovipenda, halali wala hali vizuri, huo si mgomo wa mazoezi, apelekwe kwa daktari.