Bronkoskopi: Ganzi Itangulie, Usingizi Ufuate

SWALI: Nipo chumba cha endoskopi, hospitali ya mkoa. Kwenye bronkoskopi (kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera mapafuni) tunampa mgonjwa midazolamu, dawa ya kumsinziza, miligramu 5 kwa mkupuo. Bado anakohoa na kupigana, na tukiongeza, oksijeni inashuka. Tubadili dawa? – Muuguzi, Morogoro

JIBU: Kabla ya kubadili dawa, angalieni ganzi yenu. Anayekohoa mrija ukigusa nyuzi za sauti, koo lake bado linahisi. Midazolamu humwondolea hofu na kumsahaulisha, lakini kikohozi haikizuii. Mkiimimina ili kukinyamazisha, mtazima pumzi.

Pigeni hesabu ya lignokeini, yaani dawa ya ganzi, mapema. Kikomo tunachoshauri ni miligramu 7 kwa kilo: mtu wa kilo 60 ana 420. Mpulizo mmoja wa asilimia 10 una miligramu 10, kwa hiyo kumi ni 100. Jeli ya puani ya asilimia 2, mililita 6, ni 120 (wengi husahau kuihesabu). Zinabaki 200, yaani mililita 20 za asilimia 1. Nyunyizeni mililita mbili mbili kupitia mrija: juu ya nyuzi za sauti, kwenye bomba la hewa, kisha kila upande wa pafu. Subirini kidogo ndipo msogee. Ikiwa mnayo ya asilimia 2, ni mililita 10 tu. Wazee na wenye ini au moyo dhaifu wapewe pungufu. Masikio yakivuma, au mgonjwa akichanganyikiwa au kutetemeka, acheni mara moja.

Sasa usingizi. Fentanili (dawa kali ya maumivu) ikiwepo itangulie, mikrogramu 25 hadi 50, maana yenyewe hutuliza kikohozi. Midazolamu ifuate polepole, miligramu 1 hadi 2. Aliyevuka miaka 70 aanze na nusu miligramu hadi 1. Subirini dakika 2 hadi 3 kamili kabla ya kuongeza. Hapa ndipo panapoharibika: dawa haijafika kileleni, mtu anadhani imegoma, anaongeza, zote zinapanda pamoja. Ile ampuli ya miligramu 15 kwenye mililita 3 izimueni kwanza hadi miligramu 1 kwa mililita.

Ulizeni pia dawa anazotumia. ARV zenye ritonaviri huifanya midazolamu ikae mwilini muda mrefu mno. Dolutegraviri haina shida hiyo. Rifampisini, ya kifua kikuu, huipunguza nguvu.

Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, waachieni wa nusukaputi, haina kiuasumu. Ketamini, nayo ya usingizi, peke yake siipendi hapa: huongeza mate na inaweza kubana koo. Naloksoni (kiuasumu cha fentanili) na flumazenili (cha midazolamu) ziwe mezani, ila flumazenili huisha kabla ya midazolamu. Mgonjwa aliyezinduka kwayo anaweza kusinzia tena, kwa hiyo asiruhusiwe haraka.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 72, mapafu yake yana ugonjwa sugu, na atafanyiwa bronkoskopi. Kwa nini wasimlaze kabisa asihisi kitu? – Binti yake, Tanga

JIBU: Marahaba. Mapafu yaliyochoka hushindwa kutoa hewa chafu pumzi ikipungua, kwa hiyo ganzi nzuri na dozi ndogo ni salama zaidi kwake. Asile kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo. Maji matupu mwisho ni saa 2 kabla ya kipimo. Akimaliza, asile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe, kama muda wa saa 2, na aanze na funda la maji. Asiendeshe gari wala kusaini hati kwa saa 24. Mpelekeni nyinyi, msimwache arudi peke yake.