Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Kuukuu na Linux

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta za shule yetu hazipati masasisho ya usalama tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 2025, wala hazina nguvu ya kubeba toleo jipya. Je, Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni ya bure kweli, na itatufaa? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Ndugu Mwalimu, ni ya bure, kwa kuwa msimbo wa kiini chake, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bila kulipia leseni. Kwa mashine za umri huo ningechagua Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye sura nyepesi ya skrini iitwayo Xfce, ambayo huenda vizuri kwenye kumbukumbu ya GB 4 na huja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupangia alama za wanafunzi. Msiifute Windows kwanza: wekeni Mint kwenye flashi, washeni kompyuta kwa flashi hiyo, kisha jaribuni Wi-Fi, sauti na hasa printa, ambayo ndiyo msumbufu mkuu. Faili la Mint ni zito kwa bando, ila likipakuliwa mara moja linatosha maabara nzima. Mhasibu anayetegemea programu ya Windows pekee abaki na mashine yake, isiyounganishwa na intaneti.