Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kagera hadi Kampala, sababu iliishia wapi?

SWALI: Klabu yetu ya midahalo imepewa mada: "Tanzania ilikuwa na sababu halali ya kufika Kampala mwaka 1979." Tulipoijaribu darasani, upande mmoja ulihesabu maovu ya Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, wa pili ukaambiwa hauna uzalendo, ikawa kelele. Hoja za namna hii zinapimwaje? – Mwalimu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, mada yenu imefunga vita vyote kwenye furushi moja. Vikateni vipande viwili, na kisu kipite Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda.

Kipande cha kwanza ni chepesi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda liliingia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, ni lake, eti mto ndio mpaka wa asili. Haisimami. Mpaka ni mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta, uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, na mwaka 1964 kule Cairo nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) zilikubaliana kuheshimu mipaka zilizoirithi kwa wakoloni. Nchi iliyovamiwa inaruhusiwa kujihami chini ya Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Dakika 2 zinatosha hapo.

Ugumu unaanza Januari 1979: wavamizi wameshatoka, JWTZ, jeshi la Tanzania, imevuka na kuiteka Mutukula. Kujihami kuna masharti mawili, ulazima na uwiano, yaani nguvu isizidi hatari. Basi mtetezi aulizwe: adui akishatoka, ulazima umebaki wapi? Majibu anayo. Mizinga ikiwekwa kwenye mwinuko wa Mutukula inafika upande wetu; Amin hakuwa ameacha dai lake; Nyerere aliitaka OAU imlaani mvamizi, haikumlaani. Hoja hizo zinatosha Mutukula, na kwa kusukumwa zinafika mji wa Masaka, ndani zaidi ya Uganda. Kampala, iliyotekwa Aprili 11, ni mbali. Nyerere mwenyewe alieleza kuwa vita ni viwili: Watanzania wanalinda usalama wao, Waganda wanamwondoa dikteta wao. Mpinzani makini atauliza mara moja kila kundi lilikuwa na askari wangapi, maana wapiganaji wa Kiganda walikuwa wachache mno mbele ya JWTZ.

Kosa linalorudi kila mwaka ni kuleta ibara ya 4(h) ya mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, inayoruhusu kuingilia nchi yenye mauaji ya kimbari. Hiyo ni ya mwaka 2000, tena inadai uamuzi wa kikao cha wakuu wa nchi, si wa jirani mmoja. "Kumtia adabu" nako kukatwe alama: hiyo ni adhabu, si kujihami. Na wakitaja maneno ya Nyerere, uwezo, sababu na nia ya kumpiga, wakumbushwe kuwa mawili kati ya matatu hayahalalishi kitu. Jambazi naye ana uwezo na nia.

SWALI: Rais akitangaza vita leo, Bunge lina nafasi? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Linayo, ila baadaye. Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita. Nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, ambaye huitisha Bunge ndani ya siku 14 liamue kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono.

SWALI: Mwanza ilipigwa na ndege za adui. Hiyo peke yake haikutosha kuwa sababu ya kwenda Kampala? – Msomaji, Mkuyuni

JIBU: Tazama kalenda. Ndege hiyo, Tu-22, ndege ya mabomu ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin, ilifika mwishoni mwa Machi 1979. Ilitumwa kupiga matangi ya mafuta, ikayakosa, makombora yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Masaka ilikuwa imeshatekwa tangu Februari. Shambulio la Machi linaweza kubeba hoja ya Aprili. Hoja ya Februari haliwezi kuibeba hata kidogo.