Uliza kwanza kama bei inarudi nyuma: ushauri kwa wanaoanza kuunda fomula za bili

Ukipewa kazi ya kuhesabu bili za nyumba za kupanga, uwe ofisini kwa ejenti Kasarani au kwenye mradi wa darasa chuoni, usikimbilie Excel. Uliza kwanza: matumizi yakivuka mpaka wa ngazi, bei mpya inashika zile uniti zilizovuka peke yake, au inarudi nyuma ikashika zote? Jedwali la bei halitakuambia, kwa sababu huandikwa vilevile kwa namna zote mbili. Jibu liko kwenye maelezo yaliyo chini ya jedwali, na ndiyo sehemu ambayo watu huiruka.

Stima ya Kenya Power inafaa sana kwa somo hili kwa kuwa imewahi kutozwa kwa namna zote mbili. Kabla ya mabadiliko ya 2018, mteja wa nyumbani alilipa ada ya kudumu ya shilingi 150 kwa mwezi, kisha 2.50 kwa kila uniti hadi 50, 12.75 kwa zinazofuata hadi 1,500, na 20.57 kwa zilizozidi hapo. Kila bei ilibaki ndani ya ngazi yake. Tukiacha kodi na tozo nyingine, x ikiwa uniti za mwezi na B(x) ikiwa bili yake kwa shilingi, fanksheni yake ina vipande vitatu:

B(x) = 150 + 2.50x, ikiwa 0 ≤ x ≤ 50
B(x) = 275 + 12.75(x − 50), ikiwa 50 < x ≤ 1,500
B(x) = 18,762.50 + 20.57(x − 1,500), ikiwa x > 1,500

Hiyo 275 ni gharama ya kujaza ngazi ya kwanza yote pamoja na ada: 150 + 50 × 2.50. Ile 18,762.50 ni 275 ukijumlisha uniti 1,450 za ngazi ya pili. Anayeanza huandika 150 + 12.75x kwenye mstari wa pili, na kwa uniti 51 anapata 800.25 badala ya 287.75. Tofauti ni 512.50, yaani uniti 50 za kwanza zimeongezewa 10.25 kila moja bila idhini ya mtu yeyote. Kosa hili hunaswa kwa sekunde chache: weka x = 50 kwenye mstari wa kwanza na wa pili. Majibu yasipolingana, na bei hairudi nyuma, fomula ina hitilafu.

Kwenye Excel, achana na IF tatu zilizofungwa moja ndani ya nyingine. Zinaandikika, ila bei zikibadilika utatafuta mabano hadi jioni. Kama uniti ziko A2:

=150+2.5*MIN(A2,50)+12.75*MAX(0,MIN(A2,1500)-50)+20.57*MAX(0,A2-1500)

MIN inazuia ngazi isizidi upana wake, MAX inaifanya iwe sifuri kama matumizi hayajaifikia. Bei na mipaka iweke kwenye seli zake uzitaje kwa anwani; hapa nimeziandika ndani ili usome kwa urahisi.

Sasa viwango vilivyoanza Aprili 2023. Bei ya msingi kwa nyumba ilikuwa 12.22 kwa asiyezidi uniti 30, 16.30 kwa aliyezidi 30 hadi 100, na 20.97 kwa aliyezidi 100. Ukiyatazama juujuu utadhani ni mambo yaleyale. Siyo. Hapa bei inamfuata mteja: ukiingia kundi la tatu, uniti zako zote, kuanzia ya kwanza kabisa, ni 20.97. Kwa hiyo fanksheni ni 12.22x, 16.30x au 20.97x, na grafu yake inaruka. Pale kwenye 30 inaruka kwa 122.40, na kwenye 100 inaruka kwa 467 kamili. Ile fomula ya MIN na MAX haifai hapa hata kidogo.

Kwenye grafu isiyoruka, ukikosea kati ya < na ≤ hakuna senti inayopotea. Hapa, alama hiyo moja kwenye uniti 100 ni shilingi 467 za mpangaji.

Na bado kuna jambo wanaoanza husahau: kundi la mteja huamuliwa na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Basi bili inategemea vitu viwili, uniti za mwezi huu, x, na wastani, w. Chukua nyumba iliyotumia 95, 98 na 110. Wastani ni 101, imevuka. Mwezi unaofuata ikitumia uniti 80 tu, gharama ya msingi ni 80 × 20.97 = 1,677.60, wakati anayesoma x peke yake anatarajia 1,304. Kwa wenye tokeni, yaani wanaolipia stima kabla ya kuitumia, kinachohesabiwa ni uniti zilizonunuliwa, hata kama zimekaa kwenye mita bila kutumika. Mtu akikuletea meseji mbili za tokeni za pesa zilezile na uniti tofauti, uliza kwanza alinunua kiasi gani miezi mitatu ya nyuma.

Ploti zenye mita moja kubwa na mita ndogo za wapangaji ndizo zenye kazi. Nyumba 8, kila moja uniti 28: kila mpangaji akiwa na mita yake ya Kenya Power angelipa 12.22 kwa uniti. Mita kubwa inasoma 224, inaangukia kundi la tatu, na gharama ya msingi inakuwa 4,697.28 badala ya 2,737.28. Hizo 1,960 zinatokana na umbo la fanksheni tu. Hakuna aliyewasha heta. Usimtoze kila mpangaji kwa bei ya kundi lake, pesa hazitatosha kulipa bili. Gawanya jumla ya bili kwa uniti za mita kubwa, kisha zidisha kwa uniti za kila nyumba. Jumla ya mita ndogo karibu kila mara itapungua kidogo: taa za ngazi za jengo, pampu ya maji. Pengo hilo lipe mstari wake kwenye jedwali, na mwenye nyumba aseme mapema nani analilipa.

Kwenye bili ya stima, gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na marekebisho ya fedha za kigeni huzidishwa kwa x na hubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo ni seli za kujazwa upya kila mara. Tozo ya REP, ya kupeleka umeme vijijini, ni 5% ya gharama ya msingi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, lakini usizidishe jumla yote kwa 1.16, chukua bili halisi uone imehesabiwa juu ya mistari ipi.

Maji hutozwa kwa ngazi za namna ya kwanza. Uniti moja ni lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20, na aliyeunganishwa na sewa Nairobi huongezewa 75% ya gharama ya maji. Hatari iko kwenye tarehe za kusoma mita. Ngazi ya kwanza ikiwa uniti 6 kwa mwezi na mita isomwe baada ya miezi miwili, nyumba iliyotumia 10 haijavuka kitu, ilitumia kama 5 kila mwezi. Zidisha mipaka yote, pamoja na ada ya kudumu kama ipo, kwa idadi ya miezi kabla ya kuingiza x.

Kabla ya kukabidhi jedwali la stima, lijaribu kwa 0, 30, 30.1, 100 na 100.1, kisha kwa bili tatu za kweli. Jaribu pia mita iliyobadilishwa katikati ya mwezi: somo jipya likiwa dogo kuliko la zamani, x inatoka hasi, na Excel itakupa bili ya hasi bila kulalamika.