Wonder Woman ya 2011 haikuwahi kurushwa

Umesema tamthilia ya televisheni ya Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa vitabu vya katuni, ya mwaka 2011 ilikatizwa baada ya episodi moja. Hapana ndugu, haikukatizwa. Haikurushwa hata mara moja. Wonder Woman ya Adrianne Palicki iliishia kwenye episodi ya majaribio: NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, waliiagiza mwanzoni mwa 2011, na ilipofika Mei mwaka huohuo wakaamua kutoichukua. Wengi walioiona waliona nakala iliyovuja mtandaoni kabla kazi ya picha haijakamilika.

Mimi niliiangalia yote, na kwangu kosa halikuwa la Palicki. Alikuwa na kimo, nguvu na uso wa kazi hiyo. Tatizo ni hadithi ya David E. Kelley, yule mwandishi wa tamthilia ya Ally McBeal. Alimpa Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, maisha matatu kwa mpigo: shujaa anayejulikana na mji mzima wa Los Angeles, bosi wa kampuni kubwa inayouza hadi midoli ya sura yake, na Diana Prince anayejifungia nyumbani na paka wake. Ukimaliza, hujui umfuate yupi. (Pedro Pascal naye yumo kama polisi, na 2020 akarudi kuwa adui kwenye filamu ya Wonder Woman 1984.)

Ila usiichanganye na ile ya Cathy Lee Crosby ya 1974. Hiyo kituo cha ABC waliionyesha kama filamu ya televisheni, nayo haikuzaa tamthilia. Lynda Carter alianza kuigiza Wonder Woman 1975, kwa toleo jipya kabisa.